Beetle yanuka petroli ndani mpaka watoto watapika, na mlima wa Mazeras ikazimika. Nianzie wapi?

BintiTudor

Assalaam alaykum wanajamvi. Naombeni mnisaidie manake nshachoka na kuiuza hii gari sitaki. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1970, ilikuwa ya marehemu babangu, ilikaa miaka mitatu chini ya mkungu hapa nyumbani Tudor ikiliwa na chumvi tu, mwaka jana nikaivuta mpaka kwa fundi wa bodi ikapigwa rangi upya na injini ikafunguliwa, sasa yatembea vizuri kabisa, ukiisikia yaingia getini jioni wallahi utadhani ni yeye anarudi kazini.

Shida ni harufu ya petroli ndani. Ilianza mara tu ilipotoka kwa rangi. Mwanzo ilikuwa kidogo, nikampelekea fundi mwengine akaniambia Beetle zote zanuka, tangi liko mbele ya miguu yako utafanyaje, lakini akafungua buti ya mbele akashikashika vitu akasema ameipunguza. Na kweli siku mbili tatu ikapungua. Halafu ikarudi mara mbili ya mwanzo. Nikijaza fulu tanki ndo balaa kabisa. Juma lililopita nilikuwa kwa foleni ya feri Likoni, jua la saa saba, injini nimezima, watoto nyuma, baada ya kama nusu saa mdogo akatapika na mimi kichwa kinagonga kama ngoma, ikabidi tushuke tusimame nje.

Na kuna jambo jengine sijui kama yahusiana. Jumamosi nilikuwa naenda Mariakani, napanda pale Mazeras gari ikaanza kukosa nguvu, ikapiga chafya mara mbili ikazima. Nikangoja robo saa hivi, ikawaka kama haikuwa na neno. Mbele kidogo ikafanya tena. Nilipofika petroli stesheni yule kijana alipofungua kifuniko ikatoa sauti fssss ndefu mpaka akarudi nyuma. Nianzie wapi jamani?

Fundi_Sparki

Waalaykum salaam dadangu, na pole na mtoto. La kwanza kabisa, usiwapakie watoto kwenye hiyo gari mpaka tulimalize hili. La pili, huyo aliyekwambia Beetle zote zanuka si kweli hata kidogo. Nimezishika hizi gari zaidi ya miaka ishirini na Beetle iliyo sawa waweza kulala ndani usisikie kitu. Harufu maana yake kuna mahali mvuke au petroli yenyewe yapita pasipofaa.

Sasa hiyo fssss na kuzimika mlimani na harufu kuzidi juani, kwangu mimi hayo si mambo matatu, ni jambo moja. Tangi lako halipumui. Nikueleze kidogo. Tangi si chupa ya kufunga tu, lazima hewa iingie petroli ikitoka na mvuke utoke petroli ikipata joto. Beetle yako yabeba lita 40 hivi. Petroli ya stesheni yatoka chini ya ardhi, ukiiweka juani ikapanda nyuzi 10 tu yaongezeka karibu asilimia moja, yaani lita 40 zataka nafasi ya kama lita 0.4 zaidi, na juu ya hayo kuna mvuke wenyewe ambao wajaa haraka sana kwa joto letu hili. Kama hauna njia ya kutokea utasukuma utafute penye udhaifu. Upande wa pili ukiendesha, pampu yavuta petroli kupeleka kwa injini kule nyuma, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, tangi lajivuta ndani, na ile pampu ya mekanika ya Beetle haina ubavu wa kushindana na hilo. Mlimani injini yataka mafuta mengi, hayaji, yazima. Ukikaa robo saa hewa yapenya pole pole mahali, yawaka tena.

Nataka uniangalizie kitu. Asubuhi gari ikiwa imepoa, fungua buti ya mbele, toa ile kadibodi. Utaona juu ya tangi katikati pana kidude cha mviringo chenye waya, hicho ndo cha geji ya mafuta. Halafu fuata ule mdomo wa kujazia unaoenda kwa madigadi. Hapo karibu kuna kimpira chembamba, kama unene wa kidole cha mwisho, ambacho ndo pua ya tangi, chafaa kipande juu halafu kitokee nje ya gari. Niambie chaelekea wapi. Usivute sigara, usitumie kibiriti kumulika, tumia tochi, na ukiona petroli imelowa mahali kata terminali ya betri, hiyo betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma.

Kijana_wa_Shelly

Dada hiyo ni rahisi sana, tafuta drili toboa kishimo cha milimita 2 kwenye kifuniko cha tangi. Mimi nlikuwa na Datsun ikinizimikia hivo hivo, nkatoboa, mpaka leo haijawahi. Dakika tano umemaliza usimpe mtu pesa yako.

AmiGanjoni

Kijana nakuheshimu na najua wataka kumsaidia dadako lakini hapana, hapana kabisa. Kishimo chaweza kuondoa kuzimika, hilo sikatai, lakini harufu je? Kifuniko cha Beetle ya 1970 kiko ubavuni kwenye madigadi ya mbele. Akiwa fulu tanki akakata kona pale Buxton petroli itamwagika kwa hicho kishimo ishuke kwenye rangi mpya na mbele ya gurudumu. Mvua ya Mei ikija maji yaingia tangini, na gari ikioshwa vilevile. Na akipinduka, Mungu apishe mbali, hiyo ni bomba imefunguliwa. Zile Beetle za zamani zenye kifuniko ndani ya buti zilikuwa na kifuniko kinachopumua, kilitengenezwa hivyo kiwandani kina njia yake ya kujipinda petroli isimwagike. Si kishimo cha drili. Volkswagen iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962 ilikuwa na tangi hapohapo mbele ikapita kwenye matope na mashimo ya nchi tatu, kwa hivyo tusiseme muundo ni mbaya. Muundo ni mzuri, twauharibu sisi wenyewe kwa mikato.

BintiTudor

Ahsanteni sana. Nimeangalia asubuhi hii baada ya swala na nimeshtuka.

Nimetoa kadibodi kama ulivyosema fundi. Harufu ilinipiga puani kabla hata sijainama. Kidude cha geji nimekiona, kimezungukwa na duara la ubichi ubichi, vumbi limeshikana pale kama tope jeusi, nimepitisha kidole kikatoka cheusi na kinanuka petroli. Kwengine kote juu ya tangi vumbi ni kavu jeupe. Sasa kile kimpira. Nimekifuata kutoka kwenye ule mdomo wa kujazia, kinapanda kidogo halafu kinaishia hewani ndani ya buti, hakitoki nje popote, na mwisho wake kimetiwa BOLITI, boliti ya kawaida ya kumi imesukumwa ndani na kukazwa kwa klipu mpya inang'aa. Huyo fundi wa pili ndo "alipunguza" kwa hiyo boliti! Na kule mbele chini ya ukingo wa kioo nimeona kibomba kimebaki kitupu kimeingia rangi mpya ya gari, kama kwamba kimpira kilikuwa kikikaa pale kikatolewa wakati wa kupiga rangi kisha hakikurudishwa.

Niliwasha gari kidogo tu nione, nikazima. Nimekasirika lakini zaidi nimeogopa, watoto wangu wamekaa nyuma ya hiyo kitu miezi.

Fundi_Sparki

Hapo sasa umemaliza kazi yote ya kutafuta dadangu, umefanya vizuri kuliko mafundi wawili.

Mambo yalikwenda hivi. Wa rangi alichomoa kimpira cha kupumua apate kupiga dawa vizuri, akasahau kukirudisha. Tangi likawa lapumulia ndani ya buti, na kwa Beetle hewa ya buti ya mbele yapenya nyuma ya dashibodi kwa matundu ya waya na mabomba ya hewa, hasa ukifungua kile kioo kidogo cha pembeni kwa sababu upepo ukivuta hewa ya ndani, ya buti yaja kujaza. Hiyo ndo harufu ya mwanzo. Wa pili akaona mvuke watoka hapo, badala ya kukielekeza nje akakiziba. Siku mbili tatu kimya, manake mvuke ulikuwa unatafuta njia, kisha ukaipata kwenye gaskiti, yaani ile pete ya kuzibia chini ya kidude cha geji. Ile gaskiti ni raba au koki, ikikaa miaka mitatu chini ya mkungu bila petroli kuilowesha yakauka yawa kama gamba. Mvuke ukisukuma kutoka ndani yainuka yapitisha. Tangi likivuta yajibana chini yaziba. Yaani imekuwa valvu ya njia moja, yatoa harufu na hairuhusu hewa kuingia. Ndo maana gari yanuka juani na yazima mlimani, zote mbili.

Fanya hivi, na hizi kazi zafaa kufanywa nje kwenye upepo, si ndani ya gereji iliyofungwa, manake mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, washuka chini watambaa sakafuni mpaka ukute jiko la jirani.

Endesha mafuta yapungue mpaka robo tangi kabla ya kufungua kitu, ukiwa peke yako, vioo chini, na hiyo boliti uitoe kwanza leo leo ukielekeza kimpira nje hata kwa muda. Kata betri. Toa waya wa geji, fungua skrubu za kidude pole pole kwa zamu, usilazimishe, zikiwa na kutu zitie mafuta ya kulegeza ungoje usiku mzima. Kabla hujakiinua fagia vumbi lote na upanguse kwa kitambaa, tope likiingia tangini litaishia kwa kabureta, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa ya injini. Gaskiti mpya, uso wa tangi usafishwe kwa mkono bila msasa wa mashine. Usimruhusu mtu akupakie silikoni ya kawaida ya dirisha pale, petroli yaivimbisha yalegea isizibe tena. Skrubu zikazwe kwa mkato, moja hapa ya pili ng'ambo yake.

Kimpira cha kupumua nunua kipya, kifike mpaka kile kibomba chini ya kioo, kizibue rangi kwa waya laini kwanza. Kipitishe juu kuliko tangi kabla hakijashuka, usiache kikajikunja na usiache kiwe na tumbo la kuning'inia manake petroli ikikaa hapo chini yaziba tena kama boliti. Ukimaliza, kwa mpira safi puliza taratibu kwa mdomo kutoka upande wa nje, usivute. Ukisikia hewa yaenda bila kizuizi na sauti ya kububujika ndani ya tangi hakuna, basi imepumua.

Na ukiwa hapo ukague mpira mnene wa mdomo wa kujazia. Uangalie upande wa CHINI usioonekana, tumia kioo cha kujitazamia. Mara nyingi juu ni mzima, chini una nyufa kama kisigino cha mkulima, petroli yatoka ukijaza tu.

PikapuMiritini

Nakubaliana na fundi asilimia mia. Mimi yalinikuta na pikapu ya Peugeot 504, niliibiwa kifuniko nikanunua chengine cha gari tofauti kikaingia sawasawa, sikujua cha mwanzo kilikuwa chapumua na hiki hakipumui. Nikabadilisha pampu ya mafuta, nikasafisha kabureta, nikabadilisha filta mara mbili, gari bado yazima nikipanda kutoka Jomvu na mzigo. Siku moja kwa hasira nikafungua kifuniko njiani ikalia fssss, nikaendesha mpaka nyumbani bila kifuniko nimefunga kitambaa tu, haikuzima. Pesa zote zile za pampu zilienda bure.

Nyongeza yangu ni mipira ya mafuta. Ukienda kununua usikubali mpira wa maji au wa hewa hata kama waingia. Soma maandishi ubavuni, tafuta uloandikwa SAE J30R9, huo wastahimili petroli za siku hizi pamoja na viungo vyake. Ile ya zamani ya kitambaa nje yaonekana mizuri ya asili lakini ikioza ndani huwezi kuona kwa sababu kitambaa chaficha. Ukibadilisha mmoja badilisha yote mpaka ule wa nyuma kutoka chasi hadi pampu, na wa pampu hadi kabureta.

BintiTudor

Fundi swali. Nitajuaje kama hakuna harufu nyengine yatoka nyuma kwa injini? Manake baada ya kuzima huwa nasikia pia kidogo nikipita nyuma ya gari.

Fundi_Sparki

Swali zuri. Kidogo baada ya kuzima ni kabureta imepata joto, petroli iliyobaki kwenye bakuli lake yachemka yatoa mvuke, kwa joto la hapa hilo lipo na lapotea baada ya dakika chache. Lakini ukiona ulowevu juu ya injini hilo ni jambo jengine. Kuna kibomba cha shaba kimepigwa kwenye kabureta hapo mpira waingilia, kwa miaka chalegea, kishike kwa vidole ukiwa umezima na imepoa, kikizunguka au kikichomoka kilete nikutengenezee kabla hujawasha tena. Hicho kikitoka gari yaenda, pampu yamwagia petroli kwenye injini ya moto na distributa, ile inayogawa cheche za moto, iko hapohapo chini yake. Beetle nyingi zimeungua kwa hicho kibomba.

Na harufu ya injini yaweza kuingia ndani kwa njia ya hita manake hewa ya hita yatoka kwa feni ya injini. Mombasa hita hatuihitaji, hakikisha imefungwa.

AmiGanjoni

Niongeze moja tu na nalisema kwa uchungu. Binti, ukikuta tangi lina kutu la kutoboka, na kwa hewa yetu ya bahari yawezekana hasa pale ukingoni linapokalia kwenye bodi, usimpe mtu alichomelee bila kuoshwa. Mwaka fulani nikiwa kijana nilisimama hatua kumi na tano kutoka kwa mwenzetu aliyekuwa akiweldi tangi ambalo alikuwa amelimwaga na kulianika juani siku mbili. Alisema ni tupu, ni kavu. Tangi tupu ndo hatari kuliko lililojaa, manake lililojaa lina petroli, tupu lina mvuke na hewa, na hewa ikiwa na mvuke wa asilimia 1.4 hivi mpaka 7.6 yatosha kulipuka. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse hapa. Sauti yake naisikia mpaka leo. Aliishi, lakini mikono yake haikurudi kuwa mikono. Tangi la kuchomelewa lafaa kuoshwa kwa maji moto na sabuni tena na tena, lipigwe mvuke wa maji, kisha lijazwe maji mpaka karibu na penye kazi. Fundi asiyefanya hivyo mchukulie tangi lako uondoke.

Na uwe na mtungi wa kuzimia moto wa poda ndani ya gari, ufungwe karibu na mkono wako, si ndani ya buti ya mbele chini ya kadibodi.

Kijana_wa_Shelly

Ami nimekuelewa. Naenda kutafuta kifuniko kipya cha Datsun, sikuwa nafikiria mambo ya kupinduka.

BintiTudor

Wapendwa nimerudi na habari. Imechukua siku kumi na mbili kwa sababu ya kusubiri vipuri.

Tangi ni zima, alhamdulillahi, kuna kutu kidogo ya juu ukingoni, tumeikwangua kwa mkono na kupaka dawa. Gaskiti ya kidude cha geji ilipotoka ilivunjika vipande vitatu mkononi mwangu, ngumu kama kifuu. Kile kibomba chini ya kioo kilikuwa kimeziba rangi kabisa, tumetoa plagi ya rangi nzima yenye umbo la bomba, nimeihifadhi. Mpira wa mdomo wa kujazia ulikuwa na nyufa mbili upande wa chini, tena ndogo sana, zafunguka tu ukiukunja. Mipira yote ni mipya ya R9 mpaka nyuma. Kibomba cha shaba cha kabureta kimeshika imara, nimekizungusha kwa nguvu zangu zote hakitikisiki. Mtungi nimeufunga chini ya kiti changu mbele.

Jana nilijaza fulu tanki makusudi, nikaenda Likoni saa saba, peke yangu kwanza. Foleni ilikuwa mpaka juu. Nimekaa dakika arubaini injini nimezima, vioo nusu. Nikashuka nikafungua buti nikaingiza kichwa mle ndani, nikasikia harufu ya ile kadibodi ya zamani tu, ile ile niliyokuwa nikiisikia nikiwa mdogo babangu akitutolea mikoba ya shule. Nililia pale kwa foleni. Leo nimepanda Mazeras na kurudi, haikupiga hata chafya, na kwa petroli stesheni kifuniko kimefunguka kimya.

Fundi nitakuletea uione Ijumaa baada ya swala.

Fundi_Sparki

Mashallah. Ilete. Na kabla ya hapo, siku ya nne au ya tano hivi, fungua buti uzikaze tena zile skrubu za geji robo mzunguko tu, gaskiti mpya ikipata joto na petroli yakaa chini kidogo na skrubu zalegea. Pitisha kidole pale pale ulipopitisha mwanzo.

BintiTudor

Nimefungua sasa hivi nikazikaza kwa mkato kama ulivyosema, robo robo. Kidole kimetoka kikavu.